SAYYID AMEER ALI: MWANAFUNZI WA SHERIA ALIYESOMESHWA NA WAKFU

Katika miji yetu ya mwambao ni wachache wasiokuwa na jamaa mwenye nyumba, au shamba la minazi, lililowekwa wakfu na wazee wake kwa watoto na wajukuu, na mwisho wake kwa maskini. Lakini si wengi wajuao ya kuwa ulifika wakati mahakama kubwa ya London ikahukumu kwamba wakfu wa namna hiyo si chochote mbele ya sheria. Hukumu hiyo iliwaangukia kwanza Waislamu wa Bara Hindi. Na kabla haijatoka, palikuwapo jaji Mwislamu mjini Calcutta aliyeandika kurasa nyingi kubainisha kuwa rai hiyo ni kosa. Jaji huyo ni marehemu Sayyid Ameer Ali. Twapenda kuwaeleza ndugu zetu khabari zake, na khasa miaka aliyokuwa mwanafunzi, kwa sababu alichokisema akiwa jaji alikipata huko.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1849 katika mji wa Cuttack, nchi ya Orissa, mashariki ya Bara Hindi. Wazee wake walikuwa watu wa Mashhad walioingia Bara Hindi pamoja na jeshi la Nadir Shah mwaka 1739. Babake, Sayyid Saadat Ali, aliwahamisha watu wake mpaka Bengal, wakakaa Chinsura, ukingoni mwa mto Hooghly, kiasi cha kilomita 40 juu ya Calcutta. Hapo mzee huyo akatenda jambo ambalo Waislamu wengi wa zama zake walilichukia: aliwatia wanawe katika skuli za Kiingereza.

Tusiwalaumu upesi waliochukia. Mpaka mwaka 1837 Kiajemi ndicho kilichokuwa lugha ya mahakama za Bara Hindi, na Mwislamu aliyesoma kwao hakukosa kazi humo. Waingereza walipokiondoa Kiajemi, nyumba nyingi za watu wenye elimu ziliporomoka. Kisha vikaja vita vya 1857, Ameer Ali akiwa mtoto wa miaka minane, na Delhi ikaangamia. Aliyeyaona hayo angewezaje kumpeleka mwanawe kwa watu wale wale akasome? Walakini Saadat Ali aliona ya kuwa mlango wa zamani umekwisha fungwa. Watoto wakafundishwa Qur'ani, Kiarabu na Kiajemi nyumbani, na Kiingereza skuli. Hawakuachishwa kimoja kwa ajili ya kingine. Hili twaomba wasomaji walishike, maana khabari yote iliyobaki imejengwa juu yake.

Chuo alichosoma ni Hooghly College, nacho kina kisa chake. Katika mji ule aliishi tajiri aitwaye Haji Muhammad Mohsin, mtu asiyeoa, aliyerithi mali nyingi kwa dadake. Mwaka 1806 aliiandika mali hiyo wakfu kwa kazi za dini na za kheri, na akafariki mwaka 1812. Wasimamizi wa kwanza hawakuwa waaminifu (jambo hili nalo halitatushangaza sisi wa pwani), serikali ikaingia kati, na kwa fedha zilizokusanyika kikafunguliwa chuo mwaka 1836. Ajabu ni kwamba chuo hicho kilichotokana na mali ya Mwislamu kilijaa vijana wa Kihindu, na Waislamu walikuwa wa kuhesabika. Wahindu hawana kosa: mlango ulikuwa wazi, wao wakaingia, wenyewe wakabaki nje. Mwaka 1873 tu ndipo serikali ilipokubali kwamba fedha za Mohsin zitumike khasa kuwasomesha Waislamu.

Ameer Ali alikuwa mmoja wa wale wachache. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1867, na ya pili, katika tarikhi, mwaka 1868. Kisha akachukua shahada ya sheria. Alikuwa miongoni mwa Waislamu wa kwanza kabisa wa Bengal kufikia daraja hizo. Lakini nje ya chuo alikuwa na darasa jingine. Msimamizi wa Imambara ya Hooghly, Sayyid Karamat Ali wa Jaunpur, alikuwa mwanachuoni aliyesafiri sana na kupenda falsafa na tarikhi, na vijana wakikusanyika kwake kuzungumza ilimu. Mzee huyu alikuwa ameandika kitabu juu ya chimbuko la ilimu, na Ameer Ali, angali mwanafunzi, alishiriki kukifasiri kwa Kiingereza. Asubuhi alisoma sheria ya Waingereza, na jioni akakaa mbele ya mwanachuoni wa Kiislamu. Ni vijana wangapi, wakati ule au sasa, walioweza kuyakusanya mawili hayo?

Sasa tutazame ni sharia gani aliyosomeshwa mwanafunzi wa sheria wa siku hizo. Tangu mwaka 1772 Waingereza waliweka kanuni kwamba mirathi na ndoa na mambo ya dini ya Waislamu yaamuliwe kwa sharia yao. Majaji wakiwa Waingereza, maulamaa waliwekwa mahakamani wawafahamishe hukumu. Mwaka 1864 maulamaa hao waliondolewa. Majaji walisema kuwa vitabu vilivyokwisha fasiriwa vinawatosha. Vitabu vyenyewe ni vipi? Kikubwa kilikuwa Hidaya ya madhehebu ya Hanafi, iliyotolewa kwa Kiingereza na Charles Hamilton mwaka 1791. Na Hamilton hakuitoa katika Kiarabu chake. Aliitoa katika tafsiri ya Kiajemi. Maneno ya mafakihi yalipita katika ndimi mbili kabla ya kumfikia jaji, naye akayapima kwa mizani ya sheria ya kwao. Mwanafunzi asiyejua Kiarabu hakuwa na njia ya kujua kama kimepotea kitu njiani. Ameer Ali alikuwa nayo.

Serikali ya India ilikuwa imeanza kutoa msaada wa masomo ya Uingereza, naye akaupata. Alikwenda London mwaka 1869, hajatimiza bado miaka 20 au ndiyo kwanza aitimize, akaingia chama cha mawakili cha Inner Temple. Desturi ya vyama hivyo ni ya ajabu kwa mtu wa kwetu: mwanafunzi alihesabiwa muda wake kwa idadi ya vyakula vya usiku alivyokula ukumbini pamoja na mawakili, na mvinyo uko mezani. Alikaa huko mpaka 1873, alipokubaliwa kuwa wakili.

Miaka hiyo hakuipoteza. Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mshahara wa kazi yake mwenyewe, jambo ambalo mwanamke wa Kiislamu alikuwa nalo, na zaidi ya hilo, tangu miaka elfu na mia mbili. Kijana aliyetoka katika watu waliokuwa wakiitwa washenzi aliliona hilo kwa macho yake. Mwaka 1873, umri wake miaka 24, alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya maisha na mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, kuwajibu waandishi wa Kizungu. Kitabu hicho alikipanua baadaye, na mwaka 1891 kikatoka kwa jina la The Spirit of Islam. Hatuyakubali yote yaliyomo. Alikuwa Shia, na wengi wetu ni Masunni wa Shafi. Tena pahali pengine aliegemea mno akili na mno radhi za msomaji wa Kizungu. Lakini alipowashutumu wanaodhani kuwa mlango wa kufikiri umefungwa na wanaofuata bila ya kujua wanachokifuata, sisi tu pamoja naye.

Aliporudi Calcutta alifanya uwakili na kufundisha sharia ya Kiislamu. Mwaka 1877 aliunda chama cha Waislamu cha kudai haki zao kwa serikali. Tangu 1876 mpaka 1904 alisimamia kamati ya Imambara ya Hooghly, maana yake alirudi kuutumikia wakfu uliokuwa umemsomesha. Alitunga vitabu vya sharia, na mwaka 1884 akatoa mihadhara ambayo ndani yake alieleza kwa urefu hukumu za wakfu. Mwaka 1890 akawekwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta.

Hapo ndipo lilipomkabili jambo lake. Swali lilikuwa hili: mtu akiweka wakfu mali yake kwa watoto na kizazi chake, na kizazi kikikatika iwe ya maskini, je, huo ni wakfu? Mafakihi wote wa madhehebu zinazojulikana waliujuzu, kwani kumpa jamaa yako aliye mhitaji ni sadaka, tena sadaka bora. Lakini sheria ya Kiingereza haipendi mali ifungwe milele katika nyumba moja, na majaji wa Kiingereza waliona kuwa maskini wametajwa kwa jina tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 shauri kama hilo lilifika mbele ya baraza zima la majaji wa Calcutta. Ameer Ali akakhitilafiana na wenziwe. Aliandika hukumu ndefu, akaleta Hadithi na kauli za mafakihi kutoka asili zake za Kiarabu, akaonesha pahali ambapo tafsiri zimewapoteza.

Mwaka 1894 shauri jingine, la ndugu wawili wa Bengal, lilifika Baraza la Rufaa la London, ambalo Waingereza huliita Privy Council. Waheshimiwa wale waliisoma hukumu ya Ameer Ali, wakaiweka kando. Waliona hawawezi kutegemea maneno ya Mtume yaliyoletwa hivi hivi bila ya kujua yalisemwa katika hali gani. Wakfu ukabatilika, na nyumba kwa nyumba za Waislamu wa Bara Hindi zikaingiwa na hofu. Ikachukua miaka 19, kwa juhudi za wanavyuoni kama Shibli Nomani na mswada ulioletwa barazani na Muhammad Ali Jinnah, hata ikapita sheria ya 1913 ya kuusahihisha wakfu wa jamaa.

Ameer Ali aliacha ujaji mwaka 1904 akahamia Uingereza, nchi ya mkewe. Mwaka 1909 aliingizwa katika Baraza lile lile lililoikataa rai yake, akiwa Mhindi wa kwanza kuketi humo. Mwaka 1921 ndiye aliyetoa hukumu ya Baraza kwamba mali ya wakfu ni milki ya Mwenyezi Mungu, na msimamizi wake si mwenye mali. Alishughulika pia kukusanya fedha za msikiti wa London, na mwaka 1923 yeye na Aga Khan waliwaandikia Waturuki kuwaomba wauhifadhi ukhalifa. Watu wawili wasiokuwa Masunni wakiutetea ukhalifa wa Masunni. Miezi michache baadaye ulifutwa. Alifariki tarehe 3 Agosti 1928, akazikwa Brookwood.

Sheria ile ya 1913 haikuvuka bahari kuja kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shauri la wakfu wa jamaa kutoka mwambao wa Kenya lilifika London, na Baraza likaifuata hukumu ya 1894, ijapokuwa madhehebu ya Shafi yaujuzu wakfu huo kwa watoto. Katika miaka hiyo hiyo, Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ya 1951 ilitiwa kifungu cha kuusahihisha, maadamu mwisho wake ni wa maskini au wa kazi ya kheri ya kudumu.