JBL Ni Jina la Mtu! Story ya Fundi Aliyekufa na Madeni, Spika Yake Ikabaki Ikisakwa

Kila siku unaona hizo herufi tatu. Ziko kwa nganya inayokupeleka tao, ziko kwa kispika cha beshte yako anayependa kuharibu usingizi wa ploti nzima. JBL. Lakini ushawahi kujiuliza hiyo J ni ya nani?

Ni ya James. James Bullough Lansing. Na story yake si ya furaha vile unaweza kudhani ukiangalia bei ya hizo spika.

Alizaliwa 14 Januari 1902 huko Illinois, Marekani, kwa familia kubwa ya watoto 14. Wakati huo hakuwa anaitwa Lansing. Jina lake lilikuwa James Martini, na babake alikuwa mtu wa migodi ya makaa ya mawe. Bullough lilikuwa jina la familia aliyokaa nayo kwa muda. Jina kamili tunalolijua leo alijichagulia akiwa mtu mzima.

Sikiza hii part, especially kama wewe ni kama mimi na college ilikushinda katikati. James hakuwa na digrii ya uinjinia. Alianza kama makanika wa magari. Kile alikuwa nacho ni mkono: angeweza kutengeneza kitu kidogo cha chuma kikatoshea mahali pake bila kuyumba hata kidogo. Kumbuka hiyo, maana ndiyo ilimjenga.

Mamake alipofariki 1924, alihama akaenda Salt Lake City. Huko alipata mke, Glenna, na akakutana na jamaa anaitwa Ken Decker. Decker alikuwa mtu wa biashara, James mtu wa kazi. Mbogi ikaiva. Mwaka 1927 wakafungua kampuni ya spika Los Angeles, ikiitwa Lansing Manufacturing.

Timing ilikuwa moto. Huo mwaka ndio sinema zilianza kuongea, na kumbi zote zikahitaji sauti. Studio ya MGM ilipounda mfumo mkubwa wa spika za sinema miaka ya 30, James ndiye alitengeneza spika zenyewe. Mfumo huo ukazawadiwa na Academy, hao hao watu wa Oscar. Makanika alikuwa amefika Hollywood.

Halafu 1939, Decker akafa kwa ajali ya ndege.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. James alijua spika ndani nje, lakini vitabu vya hesabu vilimsumbua. Kufikia 1941 kampuni ikanunuliwa na Altec, na ndio maana kuna brand nyingine inaitwa Altec Lansing. Yeye mwenyewe akabaki hapo kama bosi wa uinjinia, akifanya kazi chini ya wengine kwa kampuni yenye jina lake.

Mwaka 1946 akatoka, akaanza upya. Sasa angalia vile hii ni noma: kutumia jina lake mwenyewe kulimletea vita na Altec, kwa sababu Lansing walikuwa wamelinunua. Alianza na deni, akaendelea na deni.

Lakini katikati ya hiyo shida yote, mwaka 1947, alitoa spika moja ya inchi 15 inaitwa D130.

Wacha nikuelezee bila kukuchosha. Ndani ya spika kuna koili ya waya inayosukuma karatasi, na karatasi ndiyo inasukuma hewa unayosikia kama sauti. Spika nyingi za wakati huo zilikuwa na koili ndogo. James akaweka koili ya upana wa inchi 4, na waya wake ulikuwa bapa, umesimamishwa kwa ubavu ili nyaya nyingi zitoshee mahali padogo. Akaongeza sumaku ya nguvu. Ukiipa moto kidogo tu, inapiga kelele safi hadi ushangae. Ilihitaji mkono wa makanika, si ndoto za ofisi.

Hakuishi kuona ilifika wapi. Septemba 1949, deni likiwa karibu dola 20,000, James alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 47.

Partner wake, William Thomas, alishika usukani na kampuni ikasimama. Miaka ya 50 jina likafupishwa likawa JBL, na hiyo vita ya jina ikapoa.

Sasa gitaa zinaingia wapi? Miaka ya 60, Leo Fender alikuwa anatafuta spika ambayo wapiga gitaa wa nguvu hawataichoma. Akaishia kwa ile ya James. Ikatengenezewa toleo la gitaa, D130F, hiyo F ikiwa ya Fender.

Na kuna watu waliipenda kushinda wote: wapiga gitaa la stili. Kama mzae wako hucheza country Jumapili asubuhi, unaijua hiyo sauti inayolia ikiteleza nyuma ya mwimbaji. Gitaa hilo hulazwa, na mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Rock inapenda spika ikikwaruza kidogo. Stili haitaki mkwaruzo hata kidogo. Noti inashuka chini kabisa, inapanda juu kabisa, na yote lazima itoke safi. D130 iliweza hiyo.

Ndio maana hadi leo, mtu mwenye amplifaya ya zamani ya stili anapoanza kusikia kitu kinatetemeka kwa noti za chini, hakimbilii kutupa spika. Karatasi huchoka. Koili huanza kusugua sumaku. Sumaku zenyewe za zamani hupungua nguvu, hasa zikianguka au kupigwa kichapo cha umeme mwingi. Fundi mzuri anabakisha fremu na sumaku, anaweka karatasi na koili mpya, na sumaku ikiwa imechoka anairudishia nguvu. Spika inazaliwa tena.

Wengine huchagua spika mpya yenye sumaku ya neodimiamu kwa sababu ni nyepesi, na mgongo pia una haki zake. Sawa tu. Lakini kabla ya kubadilisha, hakikisha ohmu za spika zinalingana na zile amplifaya inataka. Amplifaya ya valvu ikibeba ohmu zisizofaa, unaweza kuchoma transfoma, na hapo utalia kushinda hilo gitaa.

Leo JBL iko chini ya Harman, na Harman ni ya Samsung tangu 2017. Pesa ambazo hizo herufi zinaingiza James hangeweza hata kuzihesabu.

Kile kinaniuma ni hiki: siku alipokata tamaa, D130 ilikuwa tayari imeshatoka. Jibu lilikuwa mezani kwake, ni dunia tu haikuwa imefika. Basi kama unasoma hii na deni limekukaba shingo, ongea na mtu leo. Beshte, ndugu, daktari, yeyote. Spika iliyochoka hupelekwa kwa fundi. Na wewe pia usikae nayo pekee yako.