Askofu Janani Luwum na Akiba ya Imani

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hii huambiwa wazazi wenye watoto wadogo, lakini naona inamfaa kila mtu anayetaka kusimama imara siku ya majaribu. Kwa hivyo, walimu wangu waheshimiwa na wanafunzi wenzangu, mwaka huu nawaletea maisha ya hayati Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda. Wengi wanajua jinsi alivyokufa. Mimi nataka tutazame jinsi alivyojiandaa.

Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, wilaya ya Kitgum, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mifugo ya babake, na shuleni aliingia akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Hata hivyo alijikaza kisabuni, akasomea ualimu kule Boroboro, akawa mwalimu.

Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka. Siku hizo uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umeenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Desturi yao ilikuwa kukutana mara kwa mara, kuomba pamoja, kutubu hadharani na kuambiana ukweli bila kufichana. Jamani, kusema ukweli mbele ya watu si mchezo! Mtu aliyezoea kukiri kosa lake mbele ya wenzake hawezi kuona ugumu sana kusema kweli mbele ya mkubwa. Nadhani hapo ndipo mafunzo yake yalipoanza, miaka 29 kabla ya mtihani wenyewe.

Mwaka wa 1949 alijiunga na chuo cha theolojia cha Buwalasi, na baadaye akaenda kusoma Uingereza. Alirudi akawa mkuu wa chuo hicho hicho cha Buwalasi. Mwaka wa 1969 akawa Askofu wa Kaskazini mwa Uganda, na mwaka wa 1974 Askofu Mkuu.

Cheo hicho kilimfikia wakati mambo si mambo. Idi Amin alikuwa ametwaa serikali kwa mtutu wa bunduki tarehe 25 Januari 1971. Watu walikuwa wakitiwa ndani ya magari mchana kweupe na hawaonekani tena. Je, Luwum alinyamaza ili alinde kiti chake? La hasha! Alizoea kwenda yeye mwenyewe katika ofisi za usalama kuwaulizia waliokamatwa na kuwaombea wafunguliwe.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake, wakaipekua eti wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu walikutana, na tarehe 10 Februari wakamwandikia Amin barua ya kulalamika juu ya mauaji na dhuluma. Wapo waliomshauri Luwum akimbie nchi, lakini alikataa kuliacha kundi lake. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wenzake, wakashtakiwa mbele ya askari. Wenzake waliachiliwa, yeye akabakishwa. Walimngoja nje, lakini hakutoka. Kesho yake redio ya serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Nani angeamini? Waliouona mwili wake walikuta matundu ya risasi.

Alizikwa kwao Mucwini. Kule Namirembe, Kampala, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa mwaka wa 1885. Maelfu ya watu walikusanyika na kuimba kando ya kaburi lile tupu. Tangu mwaka wa 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Kisa hiki nilisimuliwa na nyanya yangu, nyumbani kwetu hapa Parklands. Mwaka jana baba alifukuzwa kazi ya kutunza ghala kwa kukataa kutia sahihi kwamba amepokea mizigo ambayo haikufika. Karo ikawa shida, nasi tukazoea sukuma wiki. Nilimuuliza nyanya kama sahihi moja tu ingemdhuru nani. Ndipo aliponiambia habari za Luwum. Tangu hapo nimeelewa kuwa baba hakuanza kuwa mwaminifu siku ile. Alikuwa akirudisha hata chenji ya matatu iliyozidi, nasi tulikuwa tukimcheka.

Wenzangu, sisi wanafunzi wa kutwa hatutishwi na bunduki. Majaribu yetu yako kwenye steji jioni, kwenye sigara ya kuonja, na kwenye karatasi ya mtihani inayouzwa kisirisiri. Tusiseme kwamba tutakuwa hodari tukikua. Mwenye kuuza ukweli kwa alama kumi leo atauuza kwa bei gani akiwa mtu mzima? Tuombe tukiwa na amani, tuchague marafiki watakaotukosoa, na tuseme kweli katika mambo madogo. Akiba haiozi, na akiba ya imani huwekwa kabla ya njaa.