Al-Biruni: Mwanachuoni aliyepima vito kwa maji

Miongoni mwa wanavyuoni ambao watoto wetu wanapaswa kuwajua ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Khwarazm mwaka 362 Hijria, sawa na 973 Miladia. Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka nchi hiyo, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo.

Uzeeni mwake aliandika kitabu kuhusu vito. Humo alitaja kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani upande wetu huu wa bahari, ikachongwa huko kuwa vyombo.

Tatizo la vito ni kuwa rangi hudanganya. Yakuti ni nyekundu, na jiwe liitwalo laali, litokalo Badakhshan, nalo ni jekundu. Asiyejua huuziwa hili kwa bei ya lile. Al-Biruni alitengeneza chombo chenye mrija ubavuni, akakijaza maji. Alilipima jiwe kwa mizani, akalitumbukiza, kisha akayapima maji yaliyomwagika. Kwa uzito huo, na kwa ugumu wake, yakuti ilitengana na laali. Vipimo vya leo vinamuunga mkono: yakuti ina uzito wa takriban mara 4 ya maji ya ujazo ule ule, na laali mara 3.6.

Sababu ni kwamba hayo ni madini mawili mbalimbali. Hapa tufafanue. Madini ni kitu cha asili chenye viambato maalumu, na chembe zake aghalabu zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia. Kitu chenye mpangilio huo ndicho fuwele, nayo ikipata nafasi ya kukua huonyesha nyuso bapa na pembe. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, kama itale, lenye kwatzi, felspa na ulanga. Bilauri ya al-Biruni ilikuwa fuwele ya kwatzi. Bilauri tunayonywea maji imerithi jina tu, kwani kioo hakina mpangilio huo.

Watu walidai pia kuwa nyoka akitazama zumaridi hupofuka. Al-Biruni alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamjaribu kwa takriban miezi tisa. Macho yake hayakudhurika.

Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1048. Tunalorithi kwake ni uaminifu: tusiuze, tusinunue wala tusisimulie jambo kwa kutegemea mng'aro wake, ilhali kupima kunawezekana.