Mutara Rudahigwa, Mfalme Aliyegawa Ng'ombe

Tukitaka mfano wa Mkristo aliyewajali maskini, mara nyingi tunakwenda kuutafuta Ulaya. Mimi nataka kuwaelezeni habari za mtu wa hapa kwetu, Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa. Sisi vijana wa Nyakabanda tunalisikia jina lake kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, maana yumo katika daraja la Imena. Lakini ukimwuliza mwenzako mfalme huyo alifanya nini, atakujibu kwamba alibatizwa, kisha atanyamaza.

Alizaliwa mwaka 1911, mwana wa Mfalme Yuhi Musinga. Alisoma Nyanza katika shule ya watoto wa machifu, na mwaka 1929 akapewa uchifu wa Nduga na Marangara. Tarehe 12 Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa baba yake katika enzi, na siku nne baadaye wakamtawaza yeye. Huo ulikuwa mwanzo mchungu, kijana kuketi mahali alipofukuzwa baba yake mzazi. Musinga alifia uhamishoni huko Moba, Kongo, mwaka 1944.

Siku zile machifu wengi waliingia dini kwa haraka, na baadhi yao, nadhani, walifuata upepo tu. Mfalme mwenyewe alikaa miaka kumi na miwili katika enzi kabla ya kubatizwa. Alibatizwa tarehe 17 Oktoba 1943 kwa jina la Charles Léon Pierre, pamoja na mama yake Kankazi, aliyeitwa Radegonde. Nchi wakati huo ilikuwa inaingia katika njaa kuu ya Ruzagayura. Mvua ilikosekana, ugonjwa uliharibu viazi mashambani, na vita vya wazungu navyo vilidai chakula na nguvu za watu. Maelfu walikufa. Mwaka 1946, huko Nyanza, mfalme aliiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, nalo ni ubuhake. Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui vizuri maana yake. Mtu asiye na ng'ombe alikwenda kwa tajiri kujiweka chini yake, naye akapewa ng'ombe wa kukamua. Kwa ng'ombe huyo alijenga ua wa bwana wake, alilinda zamu usiku, alimfuata safarini. Lakini ng'ombe hakuwa wake hata siku moja. Wakigombana, bwana aliweza kumchukua pamoja na uzao wake wote. Tena msifikiri hasara ilikuwa ya maziwa peke yake. Milima yetu ni ya mteremko, mvua huosha udongo, na shamba lisilopata samadi huchoka. Basi aliyenyang'anywa ng'ombe alinyang'anywa na mavuno ya mwaka uliofuata.

Tayari mwaka 1949 uburetwa, yaani kazi za lazima kwa machifu, ulikuwa umeondolewa. Tarehe 1 Aprili 1954, baada ya mashauri marefu pamoja na Baraza Kuu la Nchi, Rudahigwa alitoa amri ya kuvunja ubuhake. Ng'ombe wagawanywe: mafungu mawili kwa aliyewatunza, fungu moja kwa bwana. Fikirini mfalme anayewaambia hivyo wakubwa waliomzunguka, ambao heshima yao yote ilihesabiwa kwa pembe za ng'ombe! Kwangu mimi amri hiyo ni kubwa kuliko sherehe zote za Nyanza.

Hata hivyo nisiwafiche upungufu wake. Amri iligawa ng'ombe, haikugawa majani. Malisho yaliyoitwa ibikingi yalibaki mikononi mwa walewale wenye enzi, na mtu aliyerudi nyumbani na ng'ombe wake mwenyewe aliona kwamba hana mahali pa kumlisha. Wengine walirudi kwa bwana wa zamani kuomba majani, na kuomba majani ni kama kuomba ng'ombe. Mtu humsaidiaje maskini ikiwa hakuigusa ardhi? Baraza lilijadili malisho miaka iliyofuata, bila kumaliza.

Nayaona hayo kwa bibi yangu huko shamba. Yeye alipewa ng'ombe kwa mpango wa Girinka, ulioanzishwa na serikali mwaka 2006, ambao humtaka mtu atoe mtamba wa kwanza kwa jirani. Malisho hana. Ng'ombe hukaa zizini, na mimi nikienda likizo hukata majani ya tembo yaliyopandwa kwenye kingo za matuta, yale yale yanayoushika udongo usiteremke bondeni.

Rudahigwa alifariki ghafula mjini Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, tarehe 25 Julai 1959, akiwa na miaka 48. Sababu ya kifo chake inabishaniwa hata leo. Hakuacha mtoto. Mkewe, Malkia Rosalie Gicanda, aliendelea kuishi Butare, naye akauawa huko mwezi wa Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mfalme alizikwa Mwima, karibu na Nyanza, na siku alipozikwa swali la malisho lilikuwa halijapata jibu.