Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mkristu Aliyelelewa na Kulea Wengine

Katika yubile ya parokia ni desturi kuhesabu miaka iliyopita, nyumba zilizojengwa, na majina yaliyoandikwa katika vitabu vya ubatizo. Hayo yote ni mapaji ya Mungu, nasi twamshukuru. Lakini tumeona vema kuweka katika kitabu hiki maisha ya ndugu yetu mmoja wa Kongo ambaye hakujenga kanisa wala hakuongoza parokia. Alikuwa mlei, kijana, mfanyakazi wa mikono, naye aliishi katika ubatizo miaka mitatu na miezi mitatu tu. Twataka kuona jinsi moyo wa Kikristu ulivyokua ndani yake, nani waliomsaidia, na kwa mazoezi gani.

Isidore Bakanja alizaliwa Bokendela, katika nchi ya Wamongo, pande za Equateur, kati ya mwaka 1885 na 1890. Wakati ule nchi yetu ilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na kampani za wazungu zilikuwa zikitafuta mpira na pembe za ndovu kwa kuwatesa wenyeji. Kama vijana wengi wa siku zile, Bakanja aliondoka kijijini akatafuta kazi mjini. Alifika Mbandaka, ulioitwa Coquilhatville, akawa msaidizi wa waashi.

Huko alikutana na Enjili. Watawa Watrapisti, waliotoka katika monasteri ya Westmalle huko Ubelgiji, walikuwa wamefungua misioni ya Bamanya mwaka 1895. Kanuni ya watawa hao ni kimya, sala na kazi ya mikono. Mapadri walikuwa wachache, na nchi ile ya mito na misitu ni pana mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafundisho ilipitia kwa makatekista na Wakristu wa kawaida. Mfanyakazi alimfundisha mfanyakazi mwenzake, jioni, baada ya kazi. Bakanja alijifunza, akaulizwa, akasubiri, akajaribiwa kama kanuni ya ukatekumeni inavyotaka. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa. Tarehe 25 Novemba mwaka uleule alipewa Kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 alipokea Komunyo ya kwanza.

Pamoja na ubatizo alipewa Rozari na Skapulari ya Mama Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyofungwa kwa nyuzi, kimoja kifuani na kingine mgongoni. Mtu wa nje angeweza kuviona kuwa vitu vidogo mno. Lakini kwa Wakristu wa kwanza wa Equateur Skapulari ilikuwa kama vazi lao. Aliyeivaa alitambulika mbele ya watu wote kuwa mfuasi wa Kristu na mtoto wa Maria. Bakanja hakuivua tena. Alisali Rozari yake, na kila alipopata mtu wa kumsikiliza, alimfundisha yale aliyofundishwa yeye mwenyewe.

Mkataba wake ulipokwisha, alirudi kwao, kisha akaenda Busira, alikokuwa na ndugu. Akaingia katika kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja, jina lake Reynders, wa kampani iliyoitwa SAB. Baadaye Reynders alipelekwa kwenye kituo cha Ikili, naye Bakanja akamfuata. Ikili haikuwa na kanisa, wala Misa ya dominika, wala padri wa kumwungamisha. Vitu vyote vinavyomtegemeza Mkristu kutoka nje vilikosekana. Vilibaki vile tu alivyovibeba: sala ya asubuhi na jioni, Rozari mkononi, Skapulari shingoni, na mafundisho moyoni. Hapo ndipo ulipoonekana ukweli wa malezi aliyopewa. Bakanja hakunyamaza. Aliendelea kusali na kuwafundisha wenzake, hata yule aliyekuwa mwanafunzi akawa mlezi.

Mkubwa wa kituo aliitwa Van Cauter, naye wenyeji walimpa jina la Longange. Mtu huyu aliwachukia wamisionari na dini yao. Aliogopa kwamba watu wakijifunza kusali hawatafanya kazi tena, wala hawatamheshimu mzungu. Akamkataza Bakanja kufundisha. Bakanja aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Tuangalie sana neno hili: hakutafuta mateso, wala hakumtukana bwana wake; alitaka kuondoka kwa amani. Van Cauter akaamuru aivue Skapulari. Bakanja hakuivua, akapigwa fimbo 25.

Tarehe 2 Februari 1909, sikukuu ya kutolewa Bwana hekaluni, hasira ya mkubwa yule ilivuka mipaka. Aliikata Skapulari shingoni mwa Bakanja na kuamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Mapigo yalipita 100. Mgongo wake ukachanika wote. Kisha akafungwa kwa minyororo ndani ya nyumba ya kutengenezea mpira. Iliposikika kwamba mkaguzi wa kampani anakuja, Van Cauter aliamuru Bakanja apelekwe mbali, ili vidonda visionekane. Njiani Bakanja alitoroka, akajificha msituni. Mkaguzi, aliyeitwa Dörpinghaus, alipofika, Bakanja alijikokota mpaka kwake. Mkaguzi akashtuka sana kwa jinsi alivyomwona, akamchukua na kumpeleka Busira atunzwe.

Dawa zilishindwa, kwa kuwa vidonda vilikuwa vimeoza mpaka ndani. Wakristu wa Busira walimtunza na kusali pamoja naye. Mwezi wa Julai 1909 mapadri Watrapisti walifika, wakamwungamisha, wakampa Komunyo na Mpako wa wagonjwa. Walimhimiza amsamehe aliyemtesa. Bakanja aliwajibu kwamba alikwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Msamaha huo haukuanza siku ile. Yeye aliyekuwa akisali Baba Yetu katika kila fungu la Rozari alikuwa ameahidi kusamehe mara nyingi kabla ya kuumizwa. Saa ya kutimiza ilipofika, moyo ulikuwa umezoea njia yake.

Dominika ya tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni, Wakristu walikusanyika kusali. Bakanja, aliyekuwa hawezi hata kugeuka kitandani, aliinuka, akatembea kimya katika migomba, Rozari mkononi. Baada ya muda mfupi akalala, akafa. Walimzika pamoja na Rozari yake na Skapulari yake. Tarehe 24 Aprili 1994, wakati wa Sinodi ya maaskofu juu ya Afrika huko Roma, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri.

Ndugu zetu, tujiulize: nani alimtengeneza Bakanja? Neema ya Mungu kwanza. Lakini neema hiyo ilipita katika mikono ya watu: padri aliyembatiza, katekista aliyerudia fundisho lilelile jioni baada ya jioni, na wafanyakazi wenzake waliosali naye. Wengi wao majina yao hayatajwi popote. Hawakujua kwamba wanamlea shahidi. Walidhani labda wanamfundisha kijana mmoja wa kazi kuchezesha Rozari vidoleni.

Basi, yubile hii na itupe nia thabiti. Wazazi na wasimamizi wa ubatizo na wa Kipaimara wasitosheke na kusimama karibu na mtoto siku ya sikukuu. Wamtembelee, wamwulize habari za sala zake, wasali naye. Wazee wa shirika wamchukue kijana mmoja mmoja na kutembea naye, hasa wale wanaojiandaa kwenda machimboni, mijini au shuleni mbali. Kila mmoja wa vijana hao atafika siku moja kwenye Ikili yake, mahali pasipo na kengele ya kumwita wala padri wa kumwonya. Huko atakuwa na yale tu tuliyompa. Tumpe sala ya asubuhi na ya jioni, Rozari, desturi ya kuungama na ya kusamehe, na kumbukumbu ya mtu mmoja aliyemjali. Mwenye Heri Isidore Bakanja atuombee.