George Boole, Mwana wa Fundi Viatu

Juzi niliombwa kutoa katika kompyuta majina ya wanafunzi wa darasa la tatu na la nne wanaolala bwenini. Niliandika NA kama nilivyosikia, nisipate hata jina moja. Ndipo nilipotaka kumjua George Boole, ambaye hesabu yake ndiyo inayofuatwa na kompyuta.

Bwana huyu alizaliwa Lincoln, Uingereza, tarehe 2 Novemba, 1815. Baba yake alikuwa fundi viatu. Biashara ilipoharibika, George, kijana wa miaka 16, akaanza kufundisha ili awasaidie wazazi wake. Alipokuwa na miaka 19, umri nilio nao mimi, alifungua shule yake mwenyewe. Hakusoma chuo kikuu. Kiyunani, Kifaransa na hesabu za juu alijifundisha. Hata hivyo, mwaka 1849 alifanywa profesa wa hesabu huko Cork, Ireland.

Katika kitabu chake cha mwaka 1854 alionyesha kwamba fikira zaweza kupigwa hesabu. Mwenye sifa inayotakiwa tumpe 1, asiye nayo 0. NA ni kuzidisha. Mwanafunzi wa darasa la tatu hayumo katika la nne: 1 mara 0 ni 0. Kumbe ndiyo sababu sikupata kitu! Katika mazungumzo tunasema "na", lakini maana yetu ilikuwa AU. Nikaandika upya: tatu AU nne, NA bweni. Sasa wakaja hata wa darasa la tatu wanaolala kwao, kwa kuwa kompyuta hutangulia kufanya NA kabla ya AU. Nilipotia tatu AU nne ndani ya mabano, orodha ikawa sawa.

Mwezi wa Novemba, 1864, Boole alikwenda kufundisha kwa miguu katika mvua kubwa, akafundisha na nguo zake zimelowa. Akashikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 8 Desemba, mwenye miaka 49. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwamba hesabu ile yafaa kwa swichi za umeme, nayo ikawa msingi wa kompyuta.

Ndugu zangu, mashine haikukosea. Mimi ndimi niliyeuliza vibaya. Tujifunze kusema hasa tunalotaka.