Charles Babbage, Mtu Aliyechora Kompyuta

Mwanafunzi aingiapo kwa mara ya kwanza katika chumba cha kompyuta, huonyeshwa sehemu za chombo hicho: kibodi, skrini, prosesa, kumbukumbu, diski na printa. Huambiwa kazi ya kila sehemu, naye huandika katika daftari lake. Lakini ni wachache wajuao kwamba mgawanyo huo wa kazi ulichorwa kwa wino tangu miaka ya 1830, wakati nyumba za watu zilikuwa zikiangazwa kwa mishumaa na taa za mafuta. Aliyeuchora ni Mwingereza jina lake Charles Babbage, na haya ndiyo maisha yake.

Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba, 1791. Baba yake alikuwa mwenye benki na mtu wa mali. Mtoto huyu alipenda hesabu kupita masomo mengine yote, na mwaka wa 1810 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko, pamoja na rafiki zake John Herschel na George Peacock, alianzisha chama cha kueneza hesabu za namna mpya zilizokuwa zikitumika Ufaransa. Alimaliza masomo mwaka wa 1814, na mwaka huo huo akamwoa Georgiana Whitmore.

Siku zile nahodha wa jahazi, mpima ardhi na mwenye benki wote walitegemea vitabu vya majedwali, yaani kurasa nyingi zilizojaa namba tupu. Namba hizo zilipigwa kwa mkono na makarani, zikanakiliwa, kisha zikapangwa na wachapaji. Kila hatua ilileta makosa yake. Sisi wakazi wa pwani twaweza kufahamu hatari yake: tarakimu moja ikikosewa, nahodha hajui mahali alipo, na chombo chaweza kupanda mwamba.

Mwaka wa 1821 Babbage na Herschel walikaa kusahihisha majedwali ya nyota, wakakuta makosa mengi mno. Hapo Babbage akafikiri kwamba ikiwa mvuke waweza kuendesha viwanda vya nguo, waweza pia kuendesha mtambo wa kupiga hesabu usiochoka wala kusahau. Mwaka uliofuata akaonyesha mfano mdogo wa mtambo huo.

Ulifanya kazi kwa kujumlisha tu. Chukua namba 1, 4, 9, 16. Tofauti zake ni 3, 5, 7, na tofauti za hizo ni 2 daima. Basi mwenye kujua 2 hiyo aweza kupata namba zote zinazofuata bila ya kuzidisha hata mara moja. Serikali ya Uingereza ilipendezwa, na mwaka wa 1823 ikaanza kumpa fedha. Kazi ya kuchonga vyuma alipewa fundi stadi jina lake Joseph Clement.

Kazi ikawa kubwa kuliko walivyodhani. Mtambo mzima ulihitaji vipande 25,000 hivi, na kila kimoja kilitakiwa kilingane na mwenzake barabara. Mwaka wa 1827 misiba ilimwandama Babbage: baba yake alikufa, mkewe akafa, na watoto wake pia wakafiwa na mwenzao. Alisafiri Ulaya kutafuta nafuu, akarudi kazini. Mwaka wa 1832 sehemu ndogo ya mtambo ilikamilika, nayo ilifanya kazi vizuri. Lakini mwaka wa 1833 yeye na Clement wakagombana juu ya malipo, na kazi ikasimama.

Hata hivyo, hakukaa bure. Mwaka wa 1834 alianza kuchora mtambo mwingine, ambao ungefanya hesabu ya namna yoyote utakayoagizwa. Tukiufahamu mtambo huo, tumeifahamu kompyuta iliyo mbele yetu.

Kwanza palikuwa na kadi zenye matundu. Babbage alizichukua kutoka kwa Joseph Marie Jacquard, Mfaransa aliyezitumia katika kufuma nguo zenye mapambo. Kadi ziliuambia mtambo namba za kutumia na jambo la kufanya. Leo twaingiza namba na maagizo kwa kibodi na kipanya.

Pili palikuwa na ghala, safu za magurudumu yenye tarakimu 0 mpaka 9, ambapo namba zilikaa zikingoja kutumika. Leo kazi hiyo hufanywa na kumbukumbu. Katika kompyuta zetu imegawanywa mara mbili: kumbukumbu ya kazi, ambayo hufutika umeme ukizimwa, na diski, ambayo hutunza mambo hata chombo kikilala.

Tatu palikuwa na kinu. Jina hilo Babbage alilichukua kutoka viwanda vya nguo, ambako nyuzi zilitolewa ghalani zikapelekwa kiwandani kufumwa. Katika kinu namba zilijumlishwa, zikatolewa, zikazidishwa na kugawanywa. Ndani yake mlikuwa na mapipa yenye vijiti, yaliyoongoza kila hatua kwa zamu yake. Kinu hicho ndicho prosesa ya leo.

Nne palikuwa na vyuma virefu vyenye meno vya kuchukua namba kutoka ghala hadi kinu na kuzirudisha. Leo hizo ni njia nyembamba za shaba zilizo katika ubao mama, ambao sehemu zote hushikamana nao. Tano palikuwa na chombo cha kuchapa majibu, kama printa na skrini zetu. Nguvu ya kuendesha yote ingetoka kwa mvuke. Leo hutoka kwa umeme, nao hupunguzwa na kugawanywa na kisanduku kilicho ndani ya kompyuta.

Chukua mfano wa karani wa chama cha ushirika hapa Mtwara. Uzito wa korosho za mkulima na bei ya kilo moja huingizwa kwa kibodi, zikakaa katika kumbukumbu. Prosesa huzichukua, huzizidisha, na kurudisha jibu. Kisha printa huchapa stakabadhi. Njia hiyo ndiyo ile ile aliyoichora Babbage.

Mwaka wa 1840 alikwenda Turin, Italia, kueleza mtambo wake. Luigi Menabrea aliandika habari zake kwa Kifaransa mwaka wa 1842, na mwaka wa 1843 Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, akaitafsiri kwa Kiingereza. Bibi huyu aliongeza maelezo marefu kuliko habari yenyewe, akaonyesha hatua kwa hatua jinsi mtambo utakavyoagizwa kufanya hesabu ngumu.

Lakini fedha hazikuja tena. Mwaka wa 1842 serikali ilijitoa, baada ya kutumia pauni 17,000 na zaidi bila ya kupata mtambo kamili. Haifai kuilaumu serikali peke yake. Babbage alikuwa mkali wa maneno, naye hakuweza kuacha kubadili michoro yake: kila alipopata wazo bora aliliacha la kwanza nusu njiani. Alikufa London tarehe 18 Oktoba, 1871, mitambo yake mikubwa haijamalizika.

Je, kazi yake ilipotea? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Babbage hakukosa daftari. Alichora kila gurudumu kwa kipimo chake, na michoro hiyo ikatunzwa. Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilichukua michoro yake ya miaka ya 1847 hadi 1849, likaunda mtambo wa majedwali kwa kuifuata. Mwaka wa 1991, miaka 200 tangu azaliwe, mtambo huo ulipiga hesabu bila kosa.

Sisi wa Mtwara tuna mfano wa karibu. Gati letu lilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga. Mpango ulivunjwa mwaka wa 1951, na reli ya kwenda Nachingwea iking'olewa katika miaka ya 1960. Lakini bandari iliyofunguliwa mwaka wa 1954 ilibaki, na leo yasafirisha korosho zetu. Mpango uliokufa uliacha kitu imara, na waliokuja nyuma wakakitumia.

Basi, wanafunzi, mtakapojifunza sehemu za kompyuta, msikariri majina matupu. Ulizeni kila sehemu yafanya kazi gani na yapokea nini kutoka kwa mwenzake. Nanyi mkianza kazi, jitahidini kuimaliza, kwani hapo Babbage alishindwa. Lakini hata kama haitamalizika, iandikeni na kuichora vizuri, ili atakayekuja nyuma aweze kuendelea nayo.